Kusafiri Japani Ukiwa Ughaibuni: Mambo ya Kupanga Kabla ya Safari

Wengi wetu tulisikia Kijapani kwa mara ya kwanza ndani ya gari. Ukiwasha gari lililotumika, lililoshushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam, sauti ya mwanamke hutoka kwenye dashibodi na kusema jambo ambalo hakuna abiria anayelielewa. Leo jamaa zetu wengi wanaoishi Ulaya na Marekani wanataka kuiona nchi yenyewe, nami nawasihi waanze maandalizi mapema, kwa sababu Japani humpokea vizuri zaidi mgeni aliyejiandaa.

Anza na viza. Kinachotazamwa ni pasipoti unayosafiria, wala si kibali chako cha ukaazi. Mwenye pasipoti ya Uingereza, Marekani au Kanada huingia kwa utalii hadi siku 90 bila viza, lakini mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda hulazimika kuiomba, hata kama ameishi Manchester miaka 20. Katika familia zetu ni jambo la kawaida watoto kuwa na pasipoti ya ugenini na mama akawa bado na ya nyumbani. Basi msilipie tiketi za ndege kabla ya viza ya mama kutoka.

La pili ni dawa. Dawa zenye amfetamini, ambazo Marekani huandikiwa hata watoto wenye tatizo la umakini, haziruhusiwi kuingia Japani hata ukiwa na cheti cha daktari. Baadhi ya dawa za mafua na za maumivu nazo zina masharti. Uliza ubalozi wa Japani ulioko karibu nawe kabla ya kufunga sanduku.

Kuhusu usafiri, ushauri wa zamani kwamba kila mgeni anunue pasi ya reli ya siku 7, yaani tiketi moja ya kupandia treni mara nyingi, umepitwa na wakati. Oktoba 2023 bei yake ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, ilhali kwenda Kyoto kutoka Tokyo na kurudi kwa shinkansen, ile treni ya kasi iliyoanza kazi mwaka 1964, hugharimu karibu yeni 28,000. Anayekwenda miji hiyo miwili tu akate tiketi za kawaida. Sisi pia ni watu wa masanduku makubwa: sanduku ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa huzidi sentimita 160 huhitaji kiti maalumu kilichowekwa mapema katika njia hiyo. Ni afadhali uombe mapokezi ya hoteli yalitume kwa huduma iitwayo takuhaibin, ulikute hoteli inayofuata kesho yake, nawe usafiri na begi dogo.

Tokyo itakuonyesha usasa wake bila kuitafuta, kuanzia umati unaovuka barabara Shibuya hadi maduka ya elektroniki ya Akihabara. Utamaduni wa kale huhitaji utulivu zaidi, kwa hiyo punguza miji na uongeze siku. Mjini Kyoto, nenda hekalu la Fushimi Inari alfajiri. Hakuna kiingilio wala saa ya kufungwa, na wakati huo utapita chini ya malango mekundu ukisikia nyayo zako mwenyewe.

Kama bajeti inaruhusu usiku mmoja tu wa anasa, ulale ryokan, nyumba ya wageni ya kijadi. Viatu huachwa mlangoni, ndara huvaliwa ukumbini, nazo huvuliwa kabla ya kukanyaga tatami, yaani mikeka ya sakafuni. Chooni kuna ndara nyingine ambazo hazitoki humo. Aliyelelewa kuvua viatu barazani hatapata tabu. Utapewa yukata, vazi jepesi la pamba: upande wa kushoto uwe juu ya wa kulia, kwa kuwa kinyume chake ndivyo maiti huvishwa.

Bafu la chemchemi ya moto, onsen, ndilo linalowatia wenzetu wasiwasi, nami naona wasiwasi huo una haki. Wanaume na wanawake hutenganishwa, lakini kila mmoja huoga uchi mbele ya wengine, baada ya kujisugua akiwa ameketi kwenye kigoda. Anayejali stara, au anayesafiri na wakwe zake, aulize kama kuna bafu la kukodi faragha. Ryokan nyingi zinalo. Bibi harusi mwenye piko mikononi aeleze mapema kwamba itafutika, kwa sababu mabafu mengi huwakataa wenye chale za kudumu.

Chakula nacho kielezwe wakati wa kuweka nafasi, si mezani. Mpishi hununua vitu kwa idadi ya wageni, na sahani ikirudi jikoni haijaguswa humuumiza. Wajapani husema mottainai, neno la kusikitikia kitu kinachopotea bure, ambalo Wangari Maathai alilipenda mwaka 2005 na kulitangaza duniani. Muislamu asidhani kwamba samaki pekee watamvusha, maana mirini na sake, ambazo ni pombe, huingia kwenye michuzi mingi, na supu ya rameni mara nyingi hutokana na mifupa ya nguruwe. Msikiti wa Kobe, uliofunguliwa 1935, na ule wa Tokyo Camii ni mahali pazuri pa kuswali na kuulizia chakula halali.

Usiogope kuuliza kwa Kijapani. Irabu zao ni zetu, a, e, i, o, u, na karibu kila neno huishia kwa irabu, hivyo ulimi wetu hauteguki. Neno "nani" kwao ni "nini". Mkahawani anza na "sumimasen", samahani, kisha onyesha sahani kwa kiganja kilichofunguka, useme: "Buta wa haitte imasu ka?" Ndiyo kusema, je, humu mna nguruwe?