Mwonyeshe kwa mikono, mdomo ufunge

Mwanangu wa miaka mitatu, hapa Ujiji, kila siku alikuwa ananipokonya jagi akitaka kumimina mwenyewe, hadi mwalimu mmoja wa chekechea ya Montessori, mtindo wa kumwacha mtoto ajifunze kwa kufanya mwenyewe, akanipa ujanja huu. Weka vikombe viwili kwenye sinia, kimoja kiwe na maharage nusu. Kaa ubavuni kwake, mimina polepole toka kimoja hadi kingine bila kusema neno, kisha mwachie. Ukimwaga maneno, atakutazama usoni. Ukinyamaza, macho yote yanabaki kwenye mikono, anaona hata kiganja kinavyopinda. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyeanzisha mtindo huo na kufungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo mjini Roma mwaka 1907, aliona kwamba mtoto akipata kazi ya kiwango chake huirudia mwenyewe mpaka atosheke. Wangu alimimina hadi chai yangu ikapoa. Maharage yakimwagika, aokote mwenyewe. Akishazoea, hamieni kwenye maji. Akiwa na njaa au usingizi, usijisumbue. Na shangazi wa kupiga makofi "hongera baba!" kila mara, mtume dukani kwanza, maana anamkatisha. Ila kama mtoto bado anatia vitu puani au mdomoni, maharage yaache kabisa, anza na maji kidogo.