Kusoma uzamili wa uchumi wa tabia huku uko kazini Lamu

Mimi ni afisa wa mikopo katika sacco moja hapa Lamu mjini. Wateja wangu wengi ni wavuvi, manahodha wa mashua za abiria na kina mama wauza samaki. Shahada ya uzamili ya uchumi wa tabia, yaani elimu ya namna watu wanavyoamua mambo ya pesa, niliisoma kwa masafa, mchana niko kazini. Tangu niimalize, walimu na vijana wa ofisi za kaunti hunijia na swali moja: nianze na chuo gani? Nami huwajibu hivi: chuo kiache kwanza. Anza na jambo linalokusumbua hapo unapofanyia kazi.

Langu lilikuwa hili. Kaskazi ikivuma bahari ni tulivu, samaki wapo, wageni wamejaa kijiji cha Shela, pesa zinapita mikononi. Kusi likiingia bahari huchafuka, mashua ndogo hazitoki, na yule yule aliyekuwa akiuza nguru na kamba kila wiki huja kuomba mkopo wa kutengeneza mashine. Nilimuuliza mzee mmoja wa Matondoni, "Ami, mbona hukuweka kidogo wakati wa kaskazi?" Akaniambia, "Mwanangu, pesa ya kaskazi haina mwenyewe mmoja. Kila mwenye haja anaijua siku niliyotia nanga."

Jawabu hilo ndilo lililonichagulia masomo. Mzee hakuwa na uvivu wa kuweka akiba, na wala hakukosa akili ya hesabu. Nilitaka kujua kinachomzuia ni nini hasa: kuipendelea leo kuliko kesho, kukosa pahali salama pa kuweka, au jamaa wanaobisha hodi? Kila sababu ina dawa yake, na kazi ya taaluma hii ni kuzitenganisha.

Kabla hujalipa ada ya maombi, soma makala tatu kamili, si muhtasari wake. Ya kwanza ni ya Daniel Kahneman na Amos Tversky ya mwaka 1979, iliyotoka katika jarida la Econometrica. Inaonyesha kwamba mtu hupima faida na hasara kuanzia pale aliposimama, na kwamba hasara humuuma zaidi kuliko faida ya kiasi kile kile inavyomfurahisha. Ya pili ni ya Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, ya 2011, kuhusu wakulima wa Busia. Punguzo dogo la muda mfupi, likitolewa mara baada ya mavuno wakati pesa iko mkononi, liliongeza matumizi ya mbolea karibu sawa na punguzo kubwa zaidi lililotolewa baadaye msimuni. Nilipoisoma niliiona kaskazi yetu mle ndani. Ya tatu ni ya Pascaline Dupas na Robinson, ya 2013, nayo pia ni ya Kenya. Kumpa mtu mahali salama tu pa kuweka pesa kuliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Kuzifunga pesa kwa shughuli maalumu kulisaidia pale zilipowekewa dharura, au kwa wale wanaoombwa sana na ndugu na marafiki. Mzee wa Matondoni ni huyo!

Zikikushika makala hizo hata ukasahau chai, endelea. Zikikuchosha, tafuta uzamili mwingine mapema, kwa sababu mwaka mzima utakuwa wa makala kama hizo.

Linalofuata ni hesabu, na hapa nasema kwa mkazo. Wengi huvutwa na hadithi za tabia za watu, kisha wanakutana na uchumi mdogo (wa maamuzi ya mtu, kaya au biashara moja moja), takwimu na rigresheni, yaani hesabu ya kupima jambo moja linavyokwenda na jingine. Kama shahada yako ya kwanza haikuwa ya uchumi, jipe miezi kadhaa ya kujiandaa kabla ya muhula. Chuo cha MIT cha Marekani kina mfululizo wa kozi za mtandaoni za takwimu na uchumi wa maendeleo ambazo unaweza kuzifuata bure. Ukitaka cheti unalipa ada inayopimwa kwa kipato chako, na unafanya mitihani. Jifunze pia R, programu ya kompyuta ya takwimu, ambayo hailipiwi. Pakua video usiku intaneti ikiwa nyepesi, na uwe na nakala kwenye simu kwa ajili ya siku stima zikipotea.

Kuhusu ufadhili, angalia mpango wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya masafa: unasoma uzamili wa chuo cha Uingereza bila kuacha kazi wala nyumba. Ufadhili wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, ni mzuri pia, lakini ni wa kwenda kukaa Uingereza mwaka mzima. Kabla hujasaini, hakikisha shahada hiyo itatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na uliza masaa ya darasa la moja kwa moja. Darasa la saa 12 jioni London kwetu ni saa 3 usiku wakati wa baridi yao, na saa 2 wakati wa kiangazi chao. Ramadhani, darasa la usiku kama hilo linaweza kugongana na tarawehe. Uliza kama vipindi hurekodiwa.

Tasnifu ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa. Wewe mfanyakazi una kitu ambacho mwanafunzi wa kawaida hana: watu wanaokujua na kumbukumbu zao. Basi usizichukue tu kwa kuwa ziko kwenye kompyuta yako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu, utahitaji kibali cha kamati ya maadili ya chuo, na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Anza kuzishughulikia mapema, msimamizi wako akishaikubali mada. Jingine ambalo fomu haitakwambia: mteja anayesubiri mkopo wako hawezi kukukatalia kwa uhuru. Mtafute mtu asiyekuwa wa ofisi yenu aombe ridhaa, na wewe usijue nani alikataa.

Ukitaka kufanya jaribio kwa kugawa watu kwa kura, hawa wapate kisanduku cha akiba na hawa wasipate, ili uwalinganishe, kumbuka uko Lamu. Asubuhi umempa mmoja, magharibi baraza zima linajua, na asiyepata ameshabadilisha mwenendo wake. Gawa kwa bandari au kwa mashua nzima, si kwa mtu mmoja mmoja. Makundi yatapungua na uwezo wa takwimu zako kuigundua tofauti iliyopo utashuka, kwa hivyo fanya hesabu ya sampuli pamoja na msimamizi kabla hujamhoji mtu wa kwanza. Panga pia mahojiano yako kwa misimu yote miwili. Ukiuliza kaskazi peke yake, utaandika juu ya watu wenye pesa.

Ukimaliza, NACOSTI hudai nakala ya ripoti yako. Andika na nyingine, kurasa mbili za Kiswahili, uipeleke kwa kamati ya wavuvi na uwasomee baada ya swala ya alasiri, wakati wengi wako pwani. Nenda na daftari, kwa sababu watakusahihisha.