Kuongea kupitia kituo cha anga kwa redio ya mkononi, ukiwa Dar

Redio mbili za mkononi za wati 5, moja Coco Beach na nyingine kwenye mashua, hupoteana baada ya kilomita kumi hivi. Si kwamba nguvu imeisha. Masafa ya VHF husafiri kwa mstari ulionyooka, hayapindi kuufuata mviringo wa dunia. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ISS, kiko zaidi ya kilomita 400 juu, na kutoka kule kinaona duara la kilomita 2,200 hivi kila upande. Kimebeba ripita ya redio ya ridhaa iliyowashwa Septemba 2020, inayopokea kwenye 145.990 MHz na papo hapo kurusha upya kwenye 437.800 MHz. Wati 5 zilezile zinatosha kumpata mtu wa Johannesburg. Kinachowaangusha wengi ni namna ya kuishika antena.

Kabla ya yote, usibonyeze kitufe cha kurushia kama huna leseni ya redio ya ridhaa na alama ya mwito kutoka TCRA. Alama za kwetu huanza na 5H. Ukiwa bado unaisubiri, fanya kila kitu hapa chini isipokuwa kurusha.

Hatua ya 1: Panga chaneli nyumbani

Namba za menyu hapa ni za Baofeng UV-5R. Ingia kwenye hali ya masafa kwa kitufe cha VFO/MR, mstari wa A. Weka hivi:

- MENU 0 (SQL): 0, ili usikie hata sauti dhaifu
- MENU 2 (TXP): HIGH
- MENU 3 (SAVE): OFF
- MENU 5 (WN): WIDE
- MENU 7 (TDR): OFF
- MENU 11 (R-CTCSS): OFF
- MENU 13 (T-CTCSS): 67.0

Toni ya 67.0, mlio wa chini ambao redio huurusha pamoja na sauti yako, ndiyo ufunguo. Bila hiyo ripita haikusikii, hata ukiwa na wati 50.

Sasa andika 437.810, bonyeza MENU, 27, MENU, chagua chaneli 001, kisha MENU tena na EXIT. Andika 145.990, halafu hifadhi kwenye chaneli ileile ya 001 kwa njia ileile. Hifadhi ya kwanza inakuwa ya kupokea, ya pili ya kurusha. Ukihifadhi mara moja tu, redio itarusha kwenye masafa ambayo wenzako wanasikilizia, na hutajua. Kama chaneli ina kitu tayari, ifute kwanza kwa MENU 28.

Rudia kwa chaneli nne nyingine, ukibadilisha masafa ya kupokea tu: 437.805, 437.800, 437.795 na 437.790. Kituo kinakwenda kasi ya zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, hivyo kikija masafa yake husikika juu kwa takriban kHz 10, na kikiondoka hushuka kiasi hichohicho. Upande wa 145.990 tofauti haifiki hata kHz 4, kwa hiyo uache ulivyo.

Hatua ya 2: Antena na mkia wake

Antena fupi ya mpira iliyokuja na redio itakupa mikwaruzo na maneno mawili matatu. Tafuta antena fimbo ya bendi mbili, yenye urefu wa sentimita 40 hivi. Angalia skrubu kabla ya kulipa: UV-5R inataka antena yenye kiunganishi cha SMA cha kike, na dukani cha kike na cha kiume hufanana.

Kisha ongeza mkia. Antena fimbo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni mwili wa redio na mkono wako, na kwa VHF havitoshi. Kata waya mwembamba laini wa sentimita 49, wa spika unafaa. Menya ncha moja sentimita 2, fanya kitanzi, kivishe kwenye nyuzi za skrubu ya antena, kisha kaza antena ili kitanzi kibanwe kwenye chuma cha nje. Kisiguse pini ya katikati hata kidogo, maana utakuwa umepiga shoti mtambo wa kurushia. Uache mkia uning'inie. Urefu huo ni robo ya wimbi kwenye 145 na karibu robo tatu kwenye 437, hivyo waya mmoja unatosha bendi zote mbili.

Hatua ya 3: Chagua mpito na mahali

Programu ya Gpredict au tovuti ya Heavens-Above zitakuonyesha saa na njia ya kila mpito, yaani kila mara kituo kinapopita juu ya upeo wako, ukiweka eneo lako: latitudo 6.8 kusini, longitudo 39.3 mashariki. Chagua unaopanda nyuzi 30 au zaidi. Kituo kikiwa nyuzi 10 juu ya upeo kiko umbali wa kilomita 1,500. Kwenye nyuzi 30 umbali huo ni nusu. Mpito mzuri hauzidi dakika kumi hivi, na hutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, au kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Angalia pia ukurasa wa hali za setilaiti wa AMSAT, chama cha setilaiti za redio ya ridhaa, kwa sababu ripita huzimwa wakati wa mawasiliano na shule au wanaanga wanapotoka nje.

Ufukwe wa Kigamboni au Coco Beach ni mzuri kwa upande wa bahari, lakini majengo nyuma yako hula mpito unaotokea magharibi. Dari la zege la ghorofa ni bora kuliko vyote. Kaa mbali na jenereta, taa za LED na minara ya utangazaji. Na kwa ushauri wangu, usisimame na antena maeneo ya Ikulu, bandarini au karibu na uwanja wa ndege; utamaliza mpito ukijieleza kwa askari.

Hatua ya 4: Sikiliza, kisha ita

Anza na chaneli 001. Sauti ikianza kukwaruza, nenda 002. Kituo kikiwa karibu kabisa, mabadiliko huja harakaharaka, kwa hiyo kidole kisitoke kwenye mshale.

Usiielekeze ncha ya antena kwenye kituo. Antena fimbo hurusha ubavuni, na ncha yake ndiyo upande wake mbaya kuliko wote. Ilaze ili ubavu ukitazame kituo, halafu zungusha kifundo cha mkono polepole hadi sauti isafike. Pembe nzuri hubadilika kila baada ya sekunde kadhaa, kwa hiyo endelea kuzungusha.

Ukisikia nafasi, taja alama yako mara moja kwa herufi za kimataifa na eneo lako la gridi, yaani msimbo wa mraba wako kwenye ramani ya dunia: "Kilo India Nine Three". Dar karibu yote iko KI93, na wapo wanaoitafuta. Sekunde tano, kisha achia kitufe. Hakuna salamu ndefu. Ripita ni moja na mnaigawana wote mlio chini ya duara lake.

Usipojibiwa, kuna mawili. Ama toni haijawekwa, ama hakuna mtu chini ya duara kwa wakati huo, jambo la kawaida kwa ukanda wetu. Kujihakikishia, mwenzako asikilize kwenye redio ya pili kwa spika za masikioni, akiwa mita kadhaa kutoka kwako. Akikukaribia sana hatasikia kitu: mara tatu ya 145.990 ni 437.970, jirani kabisa na masafa ya kupokea, na redio za bei rahisi hazichuji vizuri.

Ukifanikiwa, andika alama ya mwenzako, gridi yake na saa kwa UTC, saa ya kimataifa. Saa 12 jioni Dar ni 15:00 UTC. Kosea hapo na rekodi zenu hazitalingana. Ukirudi kutoka ufukweni, futa redio kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, ikauke, kisha fungua antena usafishe nyuzi zake. Chumvi hushika pale kwenye kitanzi cha mkia kabla ya mahali pengine popote.