Muulize kabla hajaandika barua ya kuacha kazi

Waajiri wengi humhoji mfanyakazi siku anayoaga, wakati ameshapata kazi kwingine. Heri umhoji aliyebaki! Kaa naye nusu saa, bila fomu, umuulize: nini hapa kinakuchosha bure? Ungependa kujifunza kazi gani? Mshahara duni huudhi, ndiyo, lakini ari hutokana na kazi yenyewe na kutambuliwa. Mwanasaikolojia Mmarekani Frederick Herzberg alilieleza hili tangu 1959. Mara nyingi utaambiwa jambo dogo kabisa: ratiba ya zamu hutoka usiku wa kuamkia zamu, mzazi hajui nani atamchukua mtoto shuleni. Itoe wiki mbili kabla. Na kama huna nia ya kurekebisha hata kimoja alichokutajia, tafadhali usimuulize.