Rejeta inavuja: tafuta tundu kabla hujatafuta rejeta

Assalaam aleikum. Somo hili nimelilipia mwenyewe. Noah yangu ilikuwa inapunguza maji kila nikitoka Mjini kwenda Nungwi. Nikaambiwa rejeta imekwisha, nikanunua ya mtumba, nikafunga, na maji yakaendelea kupungua vilevile. Kumbe mfuniko tu, mpira wake umekauka na kuwa mgumu kama kwato. Kwa hiyo nusu ya somo ni kutafuta.

Kutafuta

Anza injini ikiwa baridi. Mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi hata kwa kitambaa: maji ya mle yamebanwa, yamepita nyuzi 100 bila kuchemka, ukiulegeza yanakurukia usoni. Jaza maji hadi shingoni, tandika boksi lililokunjuliwa chini ya gari usiku kucha. Maji safi yanayodondoka upande wa abiria ukitoka safari ni ya AC, yasikutie hofu.

Boksi likiwa kavu, bado. Nyufa nyingi hufunguka gari ikipata moto. Washa mpaka feni izunguke, zima, kisha mulika kwa tochi pale tangi la plastiki lilipobanwa na alumini. Plastiki iliyochoka hutoka weusi ikawa rangi ya udongo, na ufa wake, mwembamba kama unywele, utauona kwa alama ya kijani au chumvi nyeupe iliyokauka. Gari inayolala karibu na pwani, tazama na mapezi ya alumini: yakimeguka kwa kidole kama biskuti, hapo hakuna mjadala. Kagua mipira kwenye klipu zake. Wota pampu, inayosukuma maji ya injini, ina kitundu kidogo chini. Kikidondosha, rejeta haina kosa.

Chomoa pia kijiti cha oili. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, funga boneti umwite fundi wa injini.

Kubadilisha

Toa waya wa betri kwanza, maana feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe. Weka beseni, fungua kizibo cha chini. Kulanti, ile dawa ya rangi inayotiwa kwenye maji ya rejeta, ni tamu na ni sumu. Ukiiacha wazi, asubuhi utamkuta paka wa jirani amelala moja kwa moja. Ifunike.

Mpira ulioganda usiuvute, uzungushe kwanza, la sivyo unavunja shingo. Gari ya otomatiki ina mipira miwili myembamba ya oili ya gia: izibe, na mwisho uongeze oili iliyomwagika. Toa feni na mabano ya juu, nyanyua rejeta wima. Ile mpya ilaze kando ya kongwe kabla ya kuifunga, kwani ya gia za mkono haina matundu ya oili, na madukani huchanganywa.

Ikishakaa, jaza kulanti polepole, mfuniko wazi, hita umeifungulia moto, mpaka feni iwake mara mbili na mapovu yaishe. Mfuniko nunua mpya wenye namba ya mgandamizo ileile ya zamani, 0.9 au 1.1.

Masuali

Makunduchi: Mwalimu, mie natia maji ya kisima. Kwani huku kuna barafu?
Barafu hakuna, kaka, lakini kulanti inazuia kutu pia. Visima vyenu viko kwenye mawe ya chokaa; tazama birika la nyumbani lilivyoganda weupe ndani, na rejeta yako ndivyo ilivyo. Changanya kulanti nzito na maji ya betri (yale yaliyokenekwa, siyo asidi), nusu kwa nusu.

Wete: Fundi katia ute wa yai na unga wa bizari, ikaziba. Kuna ubaya?
Imeziba, tena haichagui pa kuziba. Mirija ya rejeta ni myembamba, ya hita zaidi. Kukufikisha nyumbani kutoka Konde, sawa. Kesho yake isafishwe.

Fuoni: Nimebadilisha rejeta, sioni tone, na maji yanapungua.
Dada, gari ikiwa baridi fungua mfuniko, washa, iache dakika 15. Mapovu yakiendelea bila kukoma, mpelekee fundi apime gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Lakini kabla ya kukubali injini ifunguliwe, papasa zulia miguuni kwa abiria. Likiwa limelowa na vidole vinanata, ni hita inayovuja.