Kupima kazi ya uhifadhi: maelekezo kwa anayeanza Ruaha

Ukipangiwa kitengo cha ikolojia Hifadhi ya Taifa Ruaha, vitu vya kwanza kuletewa mezani ni ripoti za doria: siku askari walizokaa porini, watuhumiwa waliokamatwa, mitego iliyong'olewa. Zisome zote, kuna watu wamelala porini kwa ajili ya kurasa hizo. Ila zinaeleza tumefanya nini tu. Kama tembo wako salama zaidi kuliko mwaka jana, hazisemi. Kujibu hilo ndiyo kazi yako.

Usianze na fomu. Fungua mpango wa jumla wa usimamizi wa hifadhi, chukua malengo machache yaliyo mazito, kisha kwa kila moja jiulize: nikiona nini, mhifadhi mkuu atalazimika kubadilisha mpango? Kiashiria kisichobadilisha uamuzi wowote kiache. Ni heri vitano vinavyopimwa kila mwaka kwa namna ileile kuliko thelathini vinavyopimwa fedha za mradi zikiwepo.

Mitego ya waya isihesabiwe peke yake. Mwezi huu mitego 40 katika kilomita 400 za doria, mwezi ujao 30 katika kilomita 100: idadi imepungua, lakini kwa kila kilomita 10 umetoka mtego mmoja hadi mitatu. Programu ya SMART, inayotunza na kuchambua takwimu za doria, itakupigia hesabu hiyo, mradi kiongozi wa doria awashe GPS tangu anapotoka kambini. Doria isiyokuta kitu iingizwe vilevile, na sifuri yake. Tena tenga njia chache za kudumu zinazopitwa kila msimu bila kujali taarifa za siri, maana doria zikienda tu kule majangili wanakojulikana, sehemu nyingine ya hifadhi hutaijua kabisa.

Kwenye mzoga wa tembo usiwe na haraka. Ruaha-Rungwa, yaani hifadhi yetu pamoja na mapori jirani ya Rungwa, ni moja ya maeneo ya MIKE, mpango wa kufuatilia mauaji haramu ya tembo ulio chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kila mzoga una uzito. Piga picha kabla hujagusa. Tazama uso: umekatwa kwa shoka, au mfupa ni mzima? Pitisha ala ya kutambua chuma kutafuta risasi. Angalia ngozi, majimaji, na kinyesi cha tai ukadirie umri wa mzoga. Meno yakikosekana, usikimbilie kuandika ujangili. Mzoga ukishaoza, meno huchomoka yenyewe, na mpita njia anaweza kuyabeba bila kuacha alama ya shoka. Ukishindwa kujua chanzo, andika "haijulikani". Baadaye gawanya waliouawa kwa mizoga yote uliyokagua, ikizidi 0.5, binadamu anaua tembo wengi kuliko vifo vingine vyote.

Idadi ya tembo inayotokana na sensa ya kutoka angani nayo ina mambo yake. Mwaka 2014 makadirio ya Ruaha-Rungwa yalikuwa tembo 8,000 na ushee; kazi iliporudiwa 2015 yakapatikana karibu 16,000. Mimba ya tembo ni miezi 22 hivi, hawawezi kuongezeka maradufu kwa mwaka. Kwa hiyo kila idadi iandikwe pamoja na makadirio yake ya chini na ya juu, na usipandishe wala kushusha bendera kwa sensa moja. Mwelekeo wa miaka mingi ndio unaotisha: Tanzania nzima ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009, wakabaki kama 43,000 mwaka 2014.

Mto ndio unaoniuma zaidi. Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tangu hapo hukatika kiangazi, viboko wakabanana kwenye madimbwi machache. Pima hivi: tarehe maji yalipoacha kutiririka, tarehe yaliporudi, madimbwi yaliyobaki katikati, na viboko katika kila dimbwi. Usangu, ardhi oevu ambayo mto hupitia kabla ya kufika kwetu, iliingizwa hifadhini mwaka 2008 kwa ajili ya maji haya, na bila tarehe hizo hatuwezi kusema uamuzi ule umezaa nini. Ziweke sambamba na mvua ya mwaka husika, la sivyo utaisifu hifadhi kwa kazi iliyofanywa na masika. Nakala ipeleke Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, kwa sababu mifereji ya mpunga huko juu haifungwi na askari wetu.

Kila robo mwaka, tengeneza ukurasa mmoja: kiashiria, kilivyokuwa, kilivyo sasa, nani anabadilisha nini na kwa tarehe gani. Usomeni pamoja na wakuu wa kanda na askari waliokusanya takwimu hizo, wao wa kwanza kuzungumza. Kikao kinachofuata kianze kwa kukagua safu ile ya mwisho, jina kwa jina.