Mwalimu akishtakiwa mbele ya TSC: kesi ya nidhamu inavyoendeshwa na inavyoamuliwa

Mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) nchini Kenya hawezi kufutwa kazi na mwalimu mkuu, wala na bodi ya shule, hata kikao kikiwa kimejaa hasira kiasi gani. Ibara ya 237 ya Katiba ya 2010 imeipa Tume yenyewe mamlaka ya kusajili walimu, kuwaajiri, kuwaadhibu na kuwaachisha kazi. Sheria ya TSC ya 2012 ikaongeza orodha ya makosa katika Jedwali la Tatu, na Kanuni za Walimu za 2015 zikaeleza hatua kwa hatua kesi inavyosikizwa. Anayetaka kujitetea, na hata anayetaka kushtaki kwa haki, aanze kwa kuzisoma hizo Kanuni. Kesi nyingi huharibika mapema, kwa sababu mmoja wa wahusika hakujua hatua inayofuata.

Makosa yenyewe yako ya aina mbalimbali. Kuna uasherati dhidi ya mwanafunzi, unaojumuisha kumtongoza na kumgusa visivyo. Kuna ukiukaji wa wajibu: uzembe, kuchelewa, utoro wa mara kwa mara, kuacha kituo cha kazi, kuchochea wenzako, kukaidi amri halali. Kuna mwenendo wa aibu: ulevi, kupigana hadharani, kughushi vyeti, kufuja pesa za shule. Angalia shtaka lako liko kundi gani kabla ya kuandika neno, maana ushahidi unaotakiwa hutofautiana. Shtaka la utoro huthibitishwa au kuporomoka kwa daftari la mahudhurio. Shtaka la pesa huenda na vocha, risiti na taarifa za benki. Shtaka la mwanafunzi huenda na maelezo ya mtoto na ya wale aliowaambia kwanza.

Barua ya kujieleza

Kwa kawaida jambo huanza kwa malalamiko kwa mkuu wa shule, bodi ya usimamizi wa shule (BOM) au ofisi ya TSC ya kaunti. Uchunguzi wa awali hufanywa, kisha mwalimu huandikiwa barua ya kumtaka ajieleze. Ijibu kwa maandishi, ndani ya muda uliotajwa, hata kama unaona tuhuma ni upuuzi. Ukinyamaza, kimya chako kitaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kuwa mwalimu alipewa nafasi akakataa kuitumia, na sentensi hiyo itakufuata hadi kwenye rufaa.

Jibu zuri hufuata shtaka, tarehe kwa tarehe. Ukiambiwa hukufika kazini siku fulani, taja siku ile ile: ulikuwa wapi, nani alikupa ruhusa, karatasi ya hospitali iko wapi. Ambatanisha nakala, wewe ubaki na zile halisi. Azimio la kazi, maandalio ya somo, rekodi ya kazi iliyofundishwa na tathmini ya utendaji kazi wa mwalimu (TPAD) ni ushahidi wenye nguvu kuliko kurasa tatu za kusimulia ulivyojitolea kwa miaka mingi. Usitumie barua hiyo kumshambulia mkuu wa shule. Kama kweli kuna chuki kati yenu, eleza tukio, tarehe na shahidi, kisha uonyeshe linavyohusiana na shtaka. Malalamiko ya jumla kwamba unaonewa huwa hayaendi mbali.

Ukipokea barua, andika tarehe uliyoipokea na utie sahihi. Ukipeleka jibu, hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa ofisi. Ukituma kwa posta, tumia rejesta na uhifadhi risiti. Mihuri hii mara nyingi ndiyo inayoamua iwapo ulichelewa au hukuchelewa.

Kikao cha bodi, na makosa ya bodi

BOM husikiliza tuhuma kwa mara ya kwanza. Inaweza kumwondolea mwalimu lawama, kumwonya, au kumsimamisha kazi kwa muda ili TSC isikilize kesi. Mwalimu lazima aitwe kikaoni, aelezwe anashtakiwa nini, na asikizwe. Mkuu wa shule ni katibu wa bodi kisheria, na hapa ndipo vikao vingi hujikwaa: mtu yule yule ameandika malalamiko, ametoa ushahidi, kisha amebaki chumbani wakati wa kuamua. Mkuu aliye mlalamishi atoe ushahidi wake kisha atoke, na mtu mwingine aandike kumbukumbu.

Kosa la pili la bodi ni mashtaka yasiyoshikika. “Utovu wa nidhamu” pekee si shtaka. Shtaka linasema kitendo gani, siku gani, mahali gani, dhidi ya nani. Kosa la tatu ni kumbukumbu zilizoandikwa baadaye, zikiwa na sahihi za watu ambao hawakuwepo. Mwanabodi, tafadhali, soma kumbukumbu kabla ya kutia sahihi. Mtoto aliyedhulumiwa anaweza kukosa haki kwa sababu ya karatasi mbovu, kama vile mwalimu asiye na hatia anavyoweza kupoteza kazi kwa sababu hiyo hiyo.

Kusimamishwa kungoja kesi

Huku si adhabu. Ni kuondolewa shuleni wakati kesi inangojewa, na kunatofautiana na kule kusimamishwa ambako jopo la TSC linalosikiliza kesi huweza kutoa kama hukumu mwishoni. Barua itakutaka ukabidhi mali ya shule na kuondoka kituoni ndani ya saa 48, na kufika kila mwisho wa mwezi kwenye ofisi ya TSC utakayotajiwa ili kutia sahihi. Usikose hata mwezi mmoja. Makabidhiano yafanye kwa orodha: vitabu, funguo, kompyuta, alama za mitihani, na kila kitu kitiwe sahihi na anayepokea. Mwalimu asiyefanya hivyo anaweza kujikuta akidaiwa vitu alivyoviacha kwenye dawati.

Katika makosa mengi utalipwa nusu mshahara, lakini yapo ambayo hulipwi chochote, yakiwemo kuacha kazi na kufuja pesa za umma. Ongea na benki au sacco mapema kuhusu mikopo yako.

Una siku 21 za kupeleka maelezo ya utetezi kwa TSC, zikihesabiwa kuanzia tarehe iliyo kwenye barua. Barua ikikufikia siku ya 15, andika mara moja uombe muda zaidi na ueleze sababu, huku ukiambatanisha bahasha yenye muhuri wa posta. Taja pia majina ya mashahidi wako na uombe nakala za ushahidi utakaotumika dhidi yako. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha walimu, KNUT au KUPPET, huu ndio wakati wa kupeleka faili tawini, si asubuhi ya kusikizwa.

Shtaka linapomhusu mwanafunzi

Hapa sheria haina mlango wa nyuma, na haupaswi kuwepo. Waraka wa TSC Na. 3 wa 2010 unamtaka mwalimu yeyote aliyepata habari za dhuluma ya kingono, au kuishuku, aripoti ndani ya saa 24, na anayeificha naye huchukuliwa hatua. Ridhaa ya mwanafunzi si utetezi, na kufikisha kwake miaka 18 akiwa bado darasani hakubadilishi kitu. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, katika kifungu cha 24, inamtia hatiani mwalimu anayetumia nafasi yake kumshawishi mwanafunzi, na kifungo chake hakipungui miaka 10.

Maelewano ya nyumbani, yale ya wazee kukaa na wazazi wakakubaliana fidia, hayaondoi kesi ya TSC. Mzazi kuandika barua ya kuondoa malalamiko hakuifungi pia, kwa kuwa mlalamishi akijitoa Tume inaweza kuendelea na ushahidi uliobaki. Ukisimamishwa kwa tuhuma kama hii, usimpigie simu mtoto, usimtumie ujumbe, usimtume mtu. Jopo likiona ujumbe huo litauchukua kama dalili ya kumtisha shahidi, na huenda ukageuka ushahidi mzito kuliko ule wa kwanza.

Mkuu wa shule anayempokea mtoto mwenye malalamiko aandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, ampeleke hospitali na polisi bila kukawia, na asimkutanishe na mwalimu “ili ukweli ujulikane”. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kuwa TSC, pamoja na Serikali, zinaweza kubeba lawama kwa dhuluma iliyofanywa na mwalimu dhidi ya wanafunzi. Kumhamisha mshukiwa shule nyingine ni kuwapelekea hatari watoto wengine.

Viboko navyo vina sheria yake. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinapiga marufuku adhabu ya mwili na kumtesa mtoto kisaikolojia, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kujitetea kwamba wazazi waliruhusu hakusaidii.

Siku ya kusikizwa

Nenda na kitambulisho, barua ya mwito, faili yako iliyopangwa kwa tarehe, na nakala za kutosha. Mashtaka husomwa, unakiri au unakana. Mashahidi wa Tume hutangulia, nawe una nafasi ya kuwauliza maswali. Kisha unatoa maelezo yako na kuita mashahidi wako. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakupa haki ya kuandamana na mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama.

Maswali mafupi ndiyo yanayofaa. “Daftari la mahudhurio la siku hiyo liko wapi?” ni swali. Kubishana na shahidi kuhusu tabia yake si swali. Shahidi akiwa mtoto, heshimu utaratibu wa jopo, na usimwangalie kwa namna ya kumtisha. Usipofika bila sababu ya maana, kesi itaendelea bila wewe, kwa hivyo ukiwa mgonjwa peleka barua ya daktari kabla ya siku yenyewe.

Jopo linavyofikia uamuzi

Jopo lina maswali matatu ya kujibu, na vizuri yajibiwe moja baada ya jingine. Je, kitendo kilitokea? Kama kilitokea, ni kosa lipi la nidhamu? Na kama ni kosa, adhabu gani inalingana nalo? Walimu wengi huchanganya mambo haya: hujitetea kwa historia yao nzuri katika swali la kwanza, mahali ambapo haina uzito mkubwa, kisha hunyamaza katika swali la tatu ambapo ingewafaa sana. Miaka ya utumishi bila onyo, kukiri mapema na kurudisha pesa ni mambo ya kutaja adhabu inapozungumziwa.

Kipimo cha ushahidi ni lipi lina uwezekano mkubwa zaidi kuwa kweli. Kesi ya jinai hudai kuthibitisha pasipo shaka ya maana, kwa hivyo mwalimu anaweza kuachiliwa mahakamani na bado apatikane na hatia TSC kwa ushahidi ule ule. Na kesi iliyoondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai haijakuondolea hatia hata kidogo, kwani mshtakiwa anaweza kukamatwa tena kwa tuhuma hizo hizo.

Uamuzi huwa mmoja wa hizi: kuondolewa lawama na kurudishwa kazini, onyo, kusimamishwa kwa muda maalumu, kufutwa kazi, au kufutwa kazi pamoja na jina kuondolewa kwenye sajili ya walimu. Lile la mwisho ndilo zito kabisa. Majina yaliyoondolewa huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na asiye kwenye sajili haruhusiwi kufundisha hata katika shule ya kibinafsi.

Usiporidhika

Una siku 90 kuanzia tarehe ya barua ya uamuzi kuomba TSC ipitie uamuzi wake upya. Ombi lionyeshe kosa: ushahidi mpya usiokuwepo, utaratibu uliokiukwa, au adhabu isiyolingana na kosa. Kurudia utetezi ule ule ni kupoteza nafasi. Unaweza pia kuomba sababu za uamuzi kwa maandishi chini ya Sheria ya Utendaji Haki wa Kiutawala ya 2015, lakini angalia mtego: sheria hiyo inaipa TSC hadi miezi 3 kujibu, na ukiingoja huenda siku 90 zikaisha. Wasilisha ombi kwanza, useme utaongeza maelezo ukipata sababu.

Baada ya hapo ipo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ukienda kabla ya kumaliza njia za ndani, utaambiwa urudi. Mahakama haisikizi kesi upya tangu mwanzo; huangalia kama sababu ilikuwa halali na kama utaratibu ulikuwa wa haki, na moja likikosekana, kufutwa kwako si halali. Fidia haizidi mshahara wa miezi 12. Dai liwasilishwe ndani ya miaka 3, na hiyo pia ndiyo mipaka ya amri ya kurudishwa kazini: ikipita miaka 3 tangu ufutwe, mahakama haiwezi kuitoa, hata kama kesi ilifunguliwa kwa wakati na ikachelewa njiani.